Ipakie watu injini ndogo kabla ya kuichagua
Nimelijua hili juzi nikipanda mlima Kitonga, kule Iringa. Kabla ya kuamua kati ya Toyota Vitz yenye injini ya cc 1,000 (cc ni kipimo cha ukubwa wa injini) na ya cc 1,300, ijaribu ile ndogo mlimani ikiwa na watu wazima wanne na kiyoyozi kimewashwa. Pedali ya mafuta ikigusa sakafu na mwendo bado ukapungua, nunua kubwa, kwa sababu injini inayokamuliwa hivyo kila siku hula ule unafuu wa mafuta ulioufuata. Kipimo hiki hudanganya iwapo injini imechoka au chujio la hewa limeziba, na pia ukikifanyia Dar es Salaam kwa gari litakalotumika Njombe, nyanda za juu ambako hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini. Anayeendesha peke yake mjini, cc 1,000 zinamtosha kabisa.