Somo: Kagua kompyuta yako kabla hujaanza kujenga programu

Laptopu nyingi tunazofanyia kazi hapa Mwanza ni za mtumba. Muuzaji kaifuta, kaweka mfumo mpya, kaiwasha mbele yako, video ikacheza, mkamalizana. Lakini video kucheza hakukuambii kama mashine hiyo itaweza kujenga programu kutoka kwenye kodi. Ukaguzi ufuatao ufanye kabla hujapakua mradi wowote, maana anayeanza kwa kupakua huja kugundua kasoro bando limeshakata. Nimelenga wanaotumia Ubuntu. Wa Windows waangalie maswali kule chini. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri.

Hatua ya 1: saa na tarehe

Najua ulitegemea nianze na RAM. Andika `date` kwanza. Laptopu iliyokaa sana stoo mara nyingi betri yake ndogo ya ndani imekufa, ile ya duara kama sarafu iliyoandikwa CR2032, na ukichomoa chaji saa inarudi miaka ya nyuma. Hapo utapata shida mbili. Vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na ya kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani tuko mwaka 2015 itavikataa na upakuaji utagoma, wewe ukilaumu mtandao bure. Ya pili ni ya kichinichini zaidi: `make`, zana inayosimamia ujenzi wa programu, inaamua nini kijengwe kwa kulinganisha muda wa mafaili. Ikikuta faili lenye tarehe ya mbele inatoa onyo la "Clock skew detected", na kinachotoka kinaweza kuwa nusu kipya nusu cha zamani. Rekebisha saa, kisha mpelekee fundi akubadilishie betri. Kwenye laptopu nyingi imeungwa kwa waya, usiing'oe mwenyewe.

Hatua ya 2: mashine yenyewe

```
uname -m
nproc
free -h
df -h ~
```

Ya kwanza ikijibu `x86_64`, uko sawa. Ikijibu `i686`, huo ni mfumo wa biti 32 na zana nyingi za sasa hazitakukubali. `nproc` inataja idadi ya kazi ambazo prosesa inaweza kufanya kwa pamoja. Kwenye `free` tazama safu ya "available", siyo "total". Kwa miradi midogo, GB 10 zilizo wazi kwenye diski zinatosha.

Watu huandika `make -j8`, yaani kazi nane kwa pamoja, kwa kuwa wameona wengine wanaandika hivyo. Kwa kodi ya C++ mimi hupiga hesabu ya GB 2 za RAM kwa kila kazi moja. Mwenye GB 4 aandike `-j2` au asiweke `-j` kabisa. RAM ikiisha, mfumo unaua kompaila (zana inayogeuza kodi kuwa programu) katikati ya kazi na utaona neno "Killed". Kodi yako haina kosa lolote hapo.

Hatua ya 3: zana

```
cat /etc/os-release
sudo apt update
sudo apt install build-essential git
```

Amri ya kwanza isipuuzwe. Wauzaji wengine huweka toleo lolote wanalolikuta kwenye flashi yao. Ukiona 23.04, toleo hilo lilikoma kuhudumiwa Januari 2024, na `apt update` itakurudishia "404" mpaka uchoke. Weka 22.04 au 24.04, matoleo ya kuhudumiwa miaka mitano. Kabla ya kubonyeza Y, soma mstari wa "Need to get": unakuambia ni MB ngapi zitakatwa kwenye bando lako.

Hatua ya 4: jenga kitu kidogo

Hapa ndipo wengi huruka. Wanaandika `gcc --version`, wanaona namba, wanaridhika. Namba hiyo inathibitisha kwamba kompaila ipo tu. Haisemi kama vinavyoitegemeza vipo. Tengeneza faili `jaribu.c`:

```
#include <stdio.h>
int main(void) {
    printf("Habari za Mwanza\n");
    return 0;
}
```

Kisha:

```
gcc jaribu.c -o jaribu
./jaribu
```

Salamu ikitokea, kompaila, maktaba na kiunganishi vyote vimefanya kazi. Ukiambiwa `stdio.h` haipo, kompaila unayo ila umekosa mafaili ya maktaba ya C; rudi hatua ya 3, hukumaliza. Ukiambiwa "command not found" ilhali una uhakika umesakinisha, andika `echo $PATH` uone kama folda ya zana hiyo imetajwa.

Kosa likiwa na mistari mia, panda juu usome la kwanza. Yanayofuata mara nyingi ni watoto wake.

Hatua ya 5: mahali pa kujengea

Usijengee ndani ya flashi. Flashi nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazitunzi ruhusa za kuendesha faili wala viungo vya mkato vya Linux, na utaona "Permission denied" bila kuelewa sababu. Nakili mradi kwenye diski. Jina la folda lisiwe na nafasi pia: `kazi_zangu` sawa, `Kazi Zangu` itakusumbua, `make` haielewani na nafasi.

Maswali ya wanachama

*Buzuruga:* Shikamoo mwalimu. Laptopu yangu ina GB 8, natumia Ubuntu ndani ya Windows kwa WSL 2, lakini `free -h` inaonyesha chini ya 4. Nimepigwa na muuzaji?

Marahaba. Hujapigwa. WSL 2 huchukua nusu ya RAM ya mashine, nusu inaiachia Windows. Ukitaka zaidi, tengeneza faili `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji upande wa Windows, andika `[wsl2]`, mstari wa chini `memory=6GB`, kisha uendeshe `wsl --shutdown` na kufungua upya. Na kodi iweke upande wa Ubuntu. Ukijengea ndani ya `/mnt/c` utasubiri sana.

*Sengerema:* Kaka, GB 4 zinaweza Android Studio?

Hapana, dada. Google wenyewe wanataka angalau 8, na hiyo ni bila kufungua simu ya kuigiza. Ukipata ya 8, jaribu programu kwenye simu yako halisi kwa waya wa USB.

*Nansio:* Huku Ukerewe mtandao wa kubahatisha. Kuna mwenzangu yuko mjini, anaweza kunipakulia akanipa kwenye flashi?

Anaweza, mkiwa na toleo lilelile la Ubuntu na yeye awe hajasakinisha bado zana hizo. Aandike `sudo apt-get install -d build-essential`, yaani pakua tu. Vifurushi vitakuwa `/var/cache/apt/archives`. Akunakilie vyote vyenye `.deb`. Wewe ukishavihamishia kwenye folda yako, endesha `sudo dpkg -i *.deb` ukiwa ndani yake. Akiwa ameshasakinisha, amri hiyo haitapakua kitu, ndiyo maana nimesema awe hajasakinisha.

*Igoma:* Umeme ulikatika `make` ikiwa katikati, na betri ya laptopu ilishakufa siku nyingi. Sasa nikirudia inasema "file truncated". Nianze upya?

Si lazima. Kuna faili la `.o`, yaani kipande cha programu kilichotoka kwenye kompaila, lililokuwa likiandikwa umeme ulipokatika. Kwa kuwa tarehe yake ni mpya, `make` inadhani limekamilika na inaliruka. Soma jina lake kwenye kosa, lifute, kisha endesha `make` tena. Itajenga hilo na yaliyobaki tu. Yakiwa mengi, anza na matupu:

```
find . -name '*.o' -size 0 -delete
```

*Igoma:* Nimefanya, bado moja linalalamika na si tupu.

Hilo liliandikwa nusu. Lifute kwa mkono. Likijirudia na jingine, hapo sasa `make clean`, na uanze saa ambayo umeme kwenu huwa hausumbui.