Mpingo ulioota wenyewe shambani: usiung'oe, ulee

Anayesafisha shamba la ufuta Kilwa, Liwale au Nachingwea hukutana na vichaka vya mpingo vyenye miiba, akavifyeka pamoja na vingine na kuvipiga moto. Msimu huu vitazame vizuri kwanza. Kisiki cha mpingo kina mizizi iliyokwisha kushika ardhi, na chipukizi lake hukua haraka kuliko mche wa kupanda.

Mpingo mchanga hauvutii, nakubali. Hutoa mashina mengi yaliyopinda, na kiangazi hupukutisha majani hadi mtu akadhani umekufa. Thamani yake iko ndani, kwenye kiini cheusi kizito kinachozama majini na kisichotafunwa ovyo na mchwa. Wamakonde huchongea vinyago, na viwanda vya Ulaya hutengenezea ala za muziki za kupuliza kama klarineti na obo. Tena ni mti wa jamii ya kunde: mizizi yake hurutubisha udongo kwa naitrojeni, majani huliwa na mbuzi, maua hupendwa na nyuki.

Ila usiupande kwa hesabu za ada ya shule. Hizo ziachie korosho. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100, pengine zaidi, kufikia unene wa kuvunwa. Huo ni urithi wa wajukuu, na ndiyo sababu ulionao tayari usiupoteze kwa siku moja ya kufyeka.

Kiangazi, chagua kwenye kila kisiki machipukizi matatu au manne yaliyonyooka, mengine yakate kwa panga kali karibu na shina. Mwaka unaofuata bakiza moja au mawili. Pogoa matawi ya chini tu, theluthi moja ya urefu, maana ukizidisha mti utajaa vichipukizi upya. Usiibananishe: mpingo unataka jua, na ufuta vilevile.

Adui mkubwa ni moto. Miche midogo huungua hadi chini na kuanza upya kila mwaka. Mti mkubwa hausimami bila kovu: pale gome lilipoungua kuvu huingia, na kiini huoza huku nje unaonekana mzima. Fundi wa ala za muziki hataki gogo lenye tundu wala ufa. Kwa hiyo kabla ya kuchoma shamba, palilia nyasi kuzunguka kila mpingo, ondoa mabua ya ufuta yaliyolala shinani, na choma asubuhi upepo ukiwa umetulia. Jirani apewe taarifa. Afadhali zaidi, usichome kabisa.

Ukitaka kuongeza miche, chuma maganda yaliyokauka yakawa kahawia kabla wadudu hawajayatoboa. Loweka kwenye maji baridi siku nzima, panda kwenye viriba, na hamishia shambani mvua za mwanzo zikishakolea.

Kuvuna ni habari nyingine. Kunahitaji kibali, na mti uwe na kipenyo kisichopungua sentimita 24 usawa wa kifua. Anzia serikali ya kijiji, kisha afisa misitu wa wilaya. Vijiji vilivyotenga misitu yao kisheria vinaweza kuuza wenyewe. Wilayani Kilwa misitu ya vijiji ilipata mwaka 2009 cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri. Mnunuzi anayekuja usiku na msumeno wa moto bila karatasi, mpeleke kwa mwenyekiti wa kijiji.