Kuchagua programu ya kuzuia virusi kwa kompyuta ya nyumbani

Kabla ya kutoa fedha, angalia kompyuta yako inatumia toleo gani la Windows, kwa kuwa Windows 10 na Windows 11 huja na Microsoft Defender bila malipo, na kwa familia nyingi kinga hiyo, ikisasishwa, inatosha. Hata hivyo, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna programu ya kuzuia virusi inayoweza kuziba nyufa zote za mfumo usiosasishwa.

Hapa Mwanza, flashi ndiyo ya kuchungwa zaidi. Mtoto hupeleka kazi ya shule kuchapishwa steshenari ya Igoma au Buzuruga, flashi huchomekwa kwenye kompyuta iliyokwisha kupokea flashi za watu wengi, na ikirudi nyumbani folda zake zimegeuka njia za mkato (shortcut), ilhali faili halisi zimefichwa. Chagua programu inayoweza kukagua flashi mara inapochomekwa, na usibofye chochote ndani yake kabla ukaguzi haujakamilika.

Ukiamua kununua, linganisha vipimo vya taasisi zinazojaribu programu hizi, AV-TEST ya Ujerumani na AV-Comparatives ya Austria, ambazo hupima pia jinsi programu inavyopunguza kasi ya kompyuta, jambo zito kwa mwenye mashine ya mtumba. Ulizia bei ya mwaka wa pili, kwani mara nyingi hupanda. Toleo lililovunjwa ufunguo (crack) ili litumike bila kulipiwa likatae, hata likitoka kwa fundi unayemwamini, kwa maana lenyewe linaweza kubeba virusi.