Namna ya kupokea medali ya babu na mashine ya kahawa kwenye makumbusho ya kijiji

Mtu akileta kitu kwenye chumba chetu cha kumbukumbu hapa Machame, Kilimanjaro, usikimbilie kukisafisha. Mkaribishe, mpe kiti na chai, muulize: kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, nani mwingine anakifahamu? Mrekodi kwa simu, kisha siku hiyohiyo uyaandike maneno yake daftarini.

Medali za askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza) zinataka macho. Zile za Vita Kuu ya Kwanza zina namba na jina la mwenyewe vimegongwa ukingoni. Igeuze polepole dirishani utavisoma. Medali za nyota za Vita Kuu ya Pili kwa kawaida hazina jina. Nyota ya Burma ina ncha sita, na utepe wake ni wa bluu iliyokoza, wenye mstari mpana mwekundu katikati na rangi ya chungwa huku na huku. Inakuonyesha alikokwenda, haikwambii ni nani. Kwa hiyo mjukuu asiondoke kabla hujaandika jina kamili la babu, ukoo na kitongoji. Na tafadhali, usiisugue kwa majivu wala limau! Herufi zikishalika hazirudi. Kitambaa laini kikavu kinatosha.

Wapiganaji wa Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wengine tunao bado. Hao wafuate nyumbani, usingoje walete kitu.

Vyombo vya kihamba, yaani shamba la nyumbani la Wachaga, watu huviona takataka, na hilo linaniuma. Mashine ya mkono ya kumenyea kahawa, jembe lililolika, stakabadhi za chama tangu enzi za KNCU, ushirika wa wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro ulioanzishwa 1933: hivyo ndivyo vilivyosomesha watoto wa mlimani. Kutu ikwangue kwa brashi kavu, usipake rangi. Mpini uliobunguliwa ufunge vizuri kwenye mfuko wa plastiki, uweke kwenye friza wiki mbili. Wadudu watakufa bila dawa. Stakabadhi na picha usizipige lamineti wala kuzibandika kwa selotepu. Zitie kwenye bahasha, mbali na jua, ukutani uning'inize nakala.

Kila kitu kipe namba, uiandike kwa penseli kwenye kikaratasi kigumu na kukifunga kwa uzi wa pamba.

Halafu andika bayana: ni zawadi au kimeazimwa? Medali moja ina warithi wengi. Atie saini mleta kitu pamoja na shahidi wa ukoo, na nakala moja aende nayo nyumbani.