SOMO: Kuchonga mwiko kwa matawi ya mchungwa

Wakuu, salaam. Kila nikiweka picha ya mwiko, swali ni lilelile: "Mbona wangu umepasuka?" Naandika mara moja, kuanzia leo anayeuliza nitamwelekeza hapa.

Niko Muheza, chini ya Usambara Mashariki, nchi ya machungwa. Watu wakipogoa, matawi yote yanaishia jikoni kuwa kuni, na hilo linaniuma. Mchungwa ni mti mgumu, uzi wake (nyuzi za ndani ya mti) umeshikana, ukiukwangua kwa kisu kikali unang'aa wenyewe kabla hata ya msasa.

1. Chagua tawi lililonyooka, nene kama kigimbi cha mguu, lisilo na vifundo. Bora upogoe masika yakishapita, Juni kuendelea. Wakati wa mvua ukungu unawahi mti kabla yako.

2. Kata kipande kizidi urefu wa mwiko kwa kiganja kimoja. Ncha zina kawaida ya kupasuka, utazipunguza baadaye.

3. Pasua katikati kwa shoka na rungu. Msumeno unakata uzi, shoka linaufuata. Kisha ondoa kiini chote, ile duara ndogo ya katikati. Mwiko uliobaki na kiini utapasuka tu, hata uukaushe vipi.

4. Chonga ungali mbichi. Umbo la nje kwa tezo au panga kali, shimo kwa patasi ya duara. Acha unene wa kidole, usimalizie bado. Kipande kiwe juu ya gogo, si kiganjani mwako.

5. KUKAUSHA. Hapa ndipo nilipopoteza vipande vizuri, na ndipo wengi mnapokwama. Mti unatoa maji upesi zaidi kwenye ncha, na nje hukauka kabla ya ndani. Nje inasinyaa, ndani bado imevimba, lazima kitu kiachie. Kwa hiyo kazi yako ni kuuchelewesha. Paka ncha zote mbili nta ya mshumaa. Uzike mwiko ndani ya gunia la katani pamoja na maranda yake mwenyewe, weka chumbani kivulini. Kila baada ya siku mbili fungua, geuza, maranda yenye unyevu mwaga uweke makavu. Ukiona madoa ya kijani, futa na uache gunia wazi usiku kucha. USIANIKE JUANI. USIWEKE JUU YA JIKO. USITUMIE MFUKO WA PLASTIKI, utavuna ukungu. Kujua kama umekauka, upime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, tayari. Januari na Februari, kaskazi ikivuma, uwe mwangalifu maradufu, maana upepo ule unakausha kuliko jua.

6. Malizia umbo, piga msasa, lowesha vinyweleo visimame, acha ukauke, piga tena. Paka mafuta ya nazi. Basi.

MASWALI

Kijana wa Bara: Mkuu somo zuri ila mwiko wangu umepasuka, tatizo nini?

Mwandishi: Uliukausha wapi?

Kijana wa Bara: Juu ya bati, ili uwahi.

Mwandishi: Hatua ya 5. Imeandikwa kwa herufi kubwa.

Mama Parachichi: Shikamoo fundi. Niko Njombe, huku hakuna michungwa, nina miparachichi na miwati. Na baridi ya Juni na Julai haitaharibu?

Mwandishi: Marahaba mama, swali zuri sana hili. Parachichi ni laini, linachongeka kwa raha, mfundishie mtoto. Mwiko wake utalika mapema kwenye ugali, basi ufanye wa mchuzi. Muwati ni mgumu, ufaidi kwa mipini ya majembe. Baridi yenu ni rafiki: mti unakauka polepole wenyewe. Adui yako ni ukungu, fungua gunia kila siku. Tuwekee picha tafadhali.

Mdadisi: Mnahamasisha watu wakate miti halafu tunalia ukame.

Mwandishi: Soma kichwa cha somo. Ni matawi ya kupogoa, mti unabaki na unazaa vizuri zaidi. Hakuna mahali nimesema kata mti. Na mwenye mpingo au mninga shambani kwake asiguse kabla ya kufika ofisi ya misitu ya wilaya.

Mpwani Kilifi: Mimi huchonga mwarobaini, tunao mwingi. Wafaa?

Mwandishi: Kwa vitana na vinyago, sana. Kwa chakula sikushauri, ule uchungu unaujua.

Mpwani Kilifi: Kweli. Nami niongeze: msasa wa dukani ukiisha, tafuta majani ya mti wenyewe wa msasa. Kunja jani, sugua kufuata uzi. Nyanya zetu walilainisha vyombo hivyo hivyo.

Mwandishi: Ahsante ndugu. Huku upo kando ya mito, nilikuwa naupita tu. Nitaujaribu kwenye shimo la mwiko, karatasi haifiki vizuri pale.

Mama Parachichi: Na mti mkavu uliosimama, wenye pango? Ninao mmoja mpakani.

Mwandishi: Uache mama. Huku kwetu, kuelekea msitu wa Amani, hondohondo hutaga kwenye mapango hayo. Jike huingia, mlango unazibwa kwa udongo, unabaki ufa mwembamba. Dume ndiye anayemlisha kupitia ufa huo. Ukiangusha mti umeua familia nzima. Isitoshe, mti wa namna hiyo huwa umeshaliwa na fukusi. Gonga kwa shoka, ukiona vumbi laini kama unga linamwagika, hata mwiko haupati.

Kijana wa Bara: Mkuu, ule uliopasuka naweza kuziba kwa gundi?

Mwandishi: Kwa chakula hapana, mabaki yataingia kwenye ufa yaoze. Kata sehemu iliyopasuka, ukipata kipande kizima kifanye upawa mdogo wa chumvi. Safari hii gunia, kivulini.