Santuri ya glichi: kutenganisha "tak" ya msanii na "tak" ya vumbi

Glichi ni muziki wa kielektroniki unaotengenezwa na makosa ya mashine: CD inayokwamakwama, faili lililoharibika, kebo inayokoroma. Miaka ya 1990 kundi la Oval la Ujerumani lilichorachora CD kwa kalamu ya wino ili zikwame, kisha likajengea muziki juu ya kule kukwama. Muziki kama huo ukiwa kwenye santuri, ambayo nayo ina mikwaruzo yake, lazima ujue kila "tak" imetoka wapi. Kwenye rumba mkwaruzo mdogo utausamehe. Kwenye glichi unaingia ndani ya wimbo na kujifanya sehemu yake.

Kwa hiyo osha kwanza, hata kama santuri ni mpya. Mwanza ina vumbi jingi kiangazi, na masika unyevu huotesha koga kwenye majalada. Maji ya bomba yakikauka huacha chumvichumvi ndani ya mifereji ambamo sindano hupita, na chumvi hiyo hulia. Tumia maji safi ya kujazia betri, ila soma lebo vizuri, maana asidi ya betri huuzwa dukani humohumo. Nusu lita na tone moja la sabuni ya vyombo zinatosha. Futa kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, ukifuata mzunguko wa mifereji na si kuikata, kisha suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Lebo ya katikati isilowe. Isimamishe ikaukie kivulini, juani itapinda.

Mashine ya kuchezea santuri iwe imelala sawa kwa pimamaji. Halafu pima uzito wa sindano, yaani inavyoikandamiza santuri, na hapa watu wengi hukosea wakidhani sindano nyepesi ndiyo salama. Ikiwa nyepesi mno hurukaruka mferejini, huuchubua, na hutoa mchakacho unaofanana kabisa na glichi. Kichwa cha sindano cha Audio-Technica VM95E hutaka gramu 2.0, Ortofon 2M Red gramu 1.8. Mizani ndogo za kupimia dhahabu, zinazosoma hadi gramu 0.01, ni rahisi kupatikana kanda hii na zinafaa sana: ulalishe ncha ya sindano juu ya mizani taratibu, usawa uleule wa santuri, usome.

Mashine iliyotoka Marekani huhitaji transfoma ya kushusha 230V. Na kama mota yake hufuata mzunguko wa umeme, iliyotengenezwa kwa 60Hz ikikutana na 50Hz zetu itazungusha karibu mara 28 kwa dakika badala ya 33⅓. Muziki utazama, nawe utadhani ndivyo ulivyorekodiwa.

Sabufa usiiweke meza moja na mashine. Besi ndefu za glichi hutikisa meza, sindano inaudaka mtikisiko, na mvumo unajizidishia wenyewe. Iweke sakafuni, mbali. Kwa usikilizaji wa makini hedifoni ni bora zaidi. Ukisikia mvumo mzito usiokoma hata kabla sindano haijagusa santuri, angalia waya wa ethi kati ya mashine na amplifaya.

Sasa sikiliza ukiwa na saa. Kwenye mwendo wa 33⅓ mzunguko mmoja huchukua sekunde 1.8, kwenye 45, sekunde 1.33. "Tak" inayorudi kila baada ya muda huo, ikififia kidogo kidogo, ni mkwaruzo uliokatiza mifereji. Isiyofuata mzunguko inaweza kuwa vumbi, umeme tuli au msanii mwenyewe: rudia sehemu ileile mara tatu. Ya umeme tuli haitarudi palepale. Ya vumbi mara nyingi hupungua ukiosha tena. Ya msanii hubaki pale pale, kali vilevile. Amplifaya ikiwa na kitufe cha mono, kinachochanganya sauti ya kushoto na ya kulia kuwa moja, kibonyeze: vumbi na mikwaruzo hurusha sindano juu na chini, na mono hufuta sehemu kubwa ya mwendo huo. Usitegemee kipimo hiki peke yake, kwa sababu hata msanii anaweza kuweka sauti zinazofutika hivyo.

Usiku wadudu wa ziwani wakija kwa wingi, zima taa iliyo karibu na ufunge kifuniko. Mdudu mmoja chini ya sindano huifunga ncha yote kwa uchafu, na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi.

Mwisho wa upande, karibu na lebo, baadhi ya santuri hizi zina mfereji uliofungwa: sekunde 1.8 zilezile zinajirudia bila kikomo. Ukiona mkono wa sindano umesimama hapo na mrudio unaungana bila kishindo, ni kazi ya msanii. Ukikwama katikati ya upande, na kila mrudio unaanza kwa mruko, ni uchafu au jeraha. Kwa vyovyote, inua sindano kwa wenzo wake, usiisukume kwa kidole.