Ukiambiwa umetumiwa pesa, angalia salio kwanza

Nina kibanda cha M-Pesa na saiba ndogo hapa Umoja, Nairobi, hatua chache kutoka stejini. Kompyuta tatu, printa moja na benchi la wanaosubiri. Zamani watu walikuja kutoa pesa na kujaza fomu za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Siku hizi anaingia mtu ameshika simu kama ameshika nyoka: "Dada, hebu niangalizie, hii ni ya kweli?" Haya ndiyo ninayowaambia.

Kwanza, ujumbe wa M-Pesa si pesa. Hilo nililipia mwenyewe. Mwaka 2021, jioni moja foleni imejaa, kijana alisema ametoa 6,000. Simu ya kazi ikalia, nikaona jina, kiasi na salio, kila kitu mahali pake. Nikamhesabia noti. Usiku nikifunga hesabu, floti, yaani pesa zangu za kazi zilizo ndani ya M-Pesa, haikulingana. Nikarudia ujumbe ule polepole: haukuandikwa MPESA pale juu, ulitoka kwa namba ya kawaida tu. Halafu msimbo wake, zile herufi na tarakimu za kutambulisha muamala, ulianza na O. Misimbo ya mwaka huo ilianza na P. O ilikuwa ya mwaka uliotangulia. Alinakili ujumbe wa zamani akabadilisha jina na kiasi, hata msimbo hakujisumbua kuugusa. Kwa hiyo wewe muuza mitumba, wewe wa bodaboda: usimpe mtu bidhaa kwa kusoma ujumbe. Fungua M-Pesa yako, tazama salio.

Ndugu yake ujumbe huo ni simu ya "nimekutumia kimakosa, tafadhali nirudishie." Mara nyingi kuna mgonjwa ndani ya hadithi. Usirudishe kwa mkono wako. Mwambie ausambaze ule ujumbe wake kwenda 456 ya Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, ndipo maombi ya kurudishiwa pesa yanapopelekwa. Mkweli atafanya hivyo. Tapeli atakutukana akate simu, na tusi halipunguzi salio.

Pili, laini yako. Anapiga mtu mwenye sauti nzuri, anasema yuko huduma kwa wateja, laini yako ina hitilafu. Anataka namba ya kitambulisho, mwaka wa kuzaliwa, namba ya siri, kisha anakuomba uzime simu kidogo. Ukiiwasha, mtandao hakuna, kwa sababu laini imeshahamia kwenye kadi yake. Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000 pekee, na hata hapo hawakuulizi namba ya siri. Leo hii piga *100*100#, hiyo huzuia laini yako isibadilishwe kwa wakala yeyote tu. Piga pia *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mzee mmoja alipiga hapa kwenye benchi akakuta laini mbili asizozijua. Mtandao ukipotea ghafla na jirani mwenye laini ya kampuni hiyo hiyo anao, azima simu yake upige huduma kwa wateja papo hapo, usingoje kesho.

Tatu, WhatsApp. Hii inawamaliza akina mama wa chama, kikundi cha kuweka akiba pamoja. Rafiki anakuandikia, "Kuna namba sita zimekuja kwako kimakosa, nitumie." Si rafiki, yeye ameshaibiwa akaunti, na hizo namba sita ndizo ufunguo wa yako. Mweka hazina mmoja alizituma akiwa anakaanga chapati. Kabla hajamaliza unga, wanachama wanne walikuwa wameombwa mkopo wa dharura kwa jina lake. Dawa: ingia kwenye mipangilio, akaunti, washa uthibitishaji wa hatua mbili, uweke namba yako ya siri. Ukiwa umeshaibiwa, jisajili upya kwa namba yako ile ile, yule mwizi atatolewa. Akiwa ameweka namba yake ya siri utasubiri siku 7, lakini yeye pia atakuwa nje. Waarifu watu wako kwa simu ya kawaida.

Mengine nayasema haraka. Nyumba ya mtaa ghali wa Kilimani kwa bei ya mtaa nafuu wa Kayole, na ada ya kuiona inalipwa kabla: hakuna nyumba. Kazi ya Katari inayodai pesa ya vipimo vya afya kwa namba ya mtu binafsi: hakuna kazi. Anayetishia kusambaza picha zako za uchi, usimlipe, maana atarudi. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Makosa ya Mtandao ya mwaka 2018 inalihesabu kuwa kosa kusambaza picha za namna hiyo.

Ukishatapeliwa, usifute kitu kwa aibu. Sambaza ujumbe wa tapeli kwenda 333. Kama ulituma pesa, peleka ujumbe wa muamala kwa 456 mara moja, kabla hajazitoa. Kisha nenda kituo cha polisi kilicho karibu upewe namba ya OB, kitabu cha matukio cha polisi. Bila hiyo utazungushwa kila ofisi. Usimlipe anayejiita haka, yaani mdukuzi, na kuahidi kukurudishia pesa. Beba picha za skrini zenye tarehe, namba na msimbo, kwenye karatasi, kwa sababu simu huisha chaji ukiwa kwenye foleni. Za kituoni huwa nachapa bure.